Ngiri Aliyeingia Shimoni kwa Kichwa

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi mlio mbele nimewasikia. Walio nyuma sijawasikia. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Sasa tumetimia. Leo nina kazi ya kuwapa. Kila nitakaposema "Mkia!", ninyi mtaitika "Juu!" Tujaribu. Mkia!

Juu!

Vema. Basi sikilizeni.

Hapo kale, wakati wanyama walipokuwa bado wakitembeleana na kupelekeana salamu, aliishi ngiri mmoja katika Mbuga ya Majani Mafupi. Nimesema ngiri. Sikusema nguruwe. Nguruwe ni mwingine. Ngiri ni yule mwenye vinundu usoni na meno yaliyopinda yakatoka nje ya mdomo, yule ambaye hula majani akipiga magoti. Wengine humwita mbango, nao hawajakosea. Sisi tutamwita ngiri.

Ngiri huyo jina lake lilikuwa Tangulia. Mkewe aliitwa Sikitu. Walikuwa na watoto watatu, na watoto hao hawakuwa na majina.

Msicheke. Kwa ngiri wa mbuga ile, baba hampi mtoto jina, wala mama hampi. Mwenye kutoa jina ni bibi mzaa baba. Humtazama mtoto usoni, akamtazama tena, kisha akasema: wewe ni fulani. Mpaka siku hiyo ifike, mtoto huitwa kwa zamu aliyozaliwa. Kwa hiyo wa kwanza, wa kiume, aliitwa Kifungua. Wa pili, wa kiume vilevile, aliitwa Kati. Wa tatu alikuwa wa kike, mdogo kama kiganja. Huyo aliitwa Kitinda.

Bibi yao alikuwa Bibi Chausiku. Alikaa mbali, Kilima cha Magadi, mwendo wa siku mbili. Kila mwaka kiangazi kikielekea mwisho, vijito vikiwa vikavu na njia zikiwa wazi, Tangulia alikwenda kumwamkia mama yake. Mwaka huo, kabla hajaondoka, alikuja ndege kwarara na salamu.

"Haa! Haa! Hodi hapa!"

"Karibu, Kwarara. Habari za kilimani?"

"Nzuri, ila macho. Bibi Chausiku macho yake yanaingia ukungu. Anasema mwezi huu anawaona watu kama vivuli, mwezi ujao hajui. Anasema: nileteeni watoto niwatazame usoni, niwape majina, kabla mwezi huu haujafa."

"Mwezi umebaki siku ngapi?" akauliza Tangulia.

"Nne. Haa! Haa!" Kwarara akaruka, akaenda zake.

Sikitu akamtazama mumewe. "Na kama akishindwa kuwaona?"

"Watakaa bila majina mpaka wafe," akasema Tangulia. "Tunaondoka kesho."

Wakaondoka alfajiri. Tangulia mbele, watoto katikati, Sikitu nyuma. Kifungua alibeba mdomoni fungu la ndago, vile vizizi vitamu vya kwenye mchanga. Ilikuwa zawadi ya Bibi. Na ngiri akisafiri husimamisha mkia kama mlingoti wa bendera, ili walio nyuma wauone juu ya majani wasipotee. Kwa hiyo Tangulia akasema: Mkia!

Juu!

Tapu, tapu, tapu, tapu. Wakaenda.

"Baba, tumefika?" akauliza Kitinda.

"Bado."

Tapu, tapu, tapu.

"Baba, na sasa?"

"Bado."

"Bibi anakaa pale kwenye mti ule?"

"Ule ni mgunga. Bibi yako hakai juu ya mgunga."

Tapu, tapu, tapu.

"Mama, Kati ananikanyaga!"

"Simkanyagi, Mama. Yeye ndiye anayeweka miguu mahali ninapokanyaga."

"Mama, Kifungua anatafuna zawadi ya Bibi!"

"Sitafuni," akasema Kifungua, mdomo umejaa. "Naonja kama haijaharibika."

Sikitu akacheka. Tangulia hakucheka, wala hakugeuka. "Tazameni mbele," akasema. "Siku zinahesabika." Yeye ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Bibi Chausiku alipomtazama usoni siku ya jina, aliona macho yaliyokuwa yakitazama mbele, hayatazami kushoto wala kulia. Akamwita Tangulia.

Mkia!

Juu!

Jua lilipovuka kichwa wakafika Bonde la Tope Jekundu. Hapo mbingu ikabadilika. Upepo ukanyamaza. Wingu jeusi likapanda nyuma ya vilima, likajitandaza. Gudu, gudu, gudu. Masika yalikuwa yamekuja mapema.

Sikitu akasimama juu ya kichuguu, kirefu, kipana, kilichoota vichaka kileleni. "Baba Kifungua," akasema, "tupige kambi hapa juu. Tuwaweke watoto katikati, mvua ipite."

"Tukae nje kama swala? Ngiri halali nje. Pale chini naona shimo."

"Liko chini mno. Hujui lilichimbwa kwa kazi gani. Hujui hata lilichimbwa na nani."

"Nani anauliza shimo limechimbwa na nani?" akasema Tangulia. "Baba yangu alilala mashimoni. Babu yangu alilala mashimoni. Hatukuuliza."

Hapo alisema kweli. Ngiri hachimbi shimo. Shimo huchimbwa na muhanga, mwenye masikio marefu na kucha kama majembe. Muhanga hulala mchana, huchimba usiku. Ngiri hulikuta shimo tupu, akaingia, akalala, akaondoka. Hapigi hodi na hasemi asante. Tangulia alikuwa amelala katika mashimo ya muhanga umri wake wote, na hakuwahi kumwona muhanga hata mmoja.

"Nenda katazame kivuko cha kijito," akamwambia mkewe. "Nataka kujua kama kesho tutavuka. Mimi nitakaa na watoto."

Sikitu akawatazama watoto. Akalitazama shimo. Akaenda.

Sasa niwaeleze ngiri anavyoingia shimoni, kwa maana bila kulijua hilo hadithi hii hamtaielewa. Watoto huingia kwanza, kwa kichwa, mbio, mpaka ndani kabisa. Mkubwa huja mwisho. Yeye hugeuka, akaingia kinyumenyume. Makalio ndani, kichwa mlangoni, meno nje. Fisi akija anakutana na meno. Na mlinzi wa mlangoni hageuki. Hilo Tangulia alifundishwa na baba yake, kwa kofi.

Basi watoto wakaingia. Shwap! Shwap! Shwap! Tangulia akaingia kinyumenyume, akajaa mlangoni kama kizibo.

"Hapa pazuri," ikatoka sauti ya Kati. "Panateremka kama utelezi."

"Nyamazeni. Mvua hiyo inakuja."

Ikaja. Kwanza tone moja. Pa. Halafu mawili. Pa, pa. Halafu shwaaaa! Mbuga yote ikawa nyeupe kwa maji. Tangulia akakodoa macho. Na katika mvua ile, mbali kidogo, akaona kivuli kikubwa. Cheusi. Mgongo umeinuka mbele, umeshuka nyuma. Manyoya yamesimama.

Fisi, akasema moyoni. Akatoa meno yake nje zaidi, akakikazia macho kivuli kile.

Chini ya tumbo lake kikapita kimkondo cha maji, chembamba kama mkia. Akakisikia. Hakukijali. Kikapita kikashuka ndani.

"Baba," akaita Kifungua, "miguu inalowa."

"Mvua ikinyesha miguu hulowa. Tulia."

Shwaaaa.

"Baba, maji yamefika magotini."

"Magoti yako ni mafupi. Tulia."

Shwaaaa.

"Baba, maji yamefika tumboni."

"Basi vuta tumbo! Watoto gani ninyi? Mimi hapa namtazama fisi, ninyi mnalilia maji!"

Mle ndani wakanyamaza. Fisi naye hakuondoka. Alikuwa pale pale, kama anasubiri. Tangulia akajisifu kwamba meno yake yamemtia hofu.

Halafu Kati akaita, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Baba. Kitinda haongei."

Tangulia akafungua mdomo apate kujibu. Kabla hajajibu, nyuma, chini, gizani, kitu kikamuuma mkia. Ngwa! Kikauma kwa meno yote. Kikavuta.

Tangulia alitoka shimoni kama jiwe la kombeo. Na mara ya kwanza katika umri wake wa ulinzi, aligeuka.

Shimo lilikuwa limeteremka kama mtungi uliolazwa. Mlangoni pakavu, ndani maji. Kile kimkondo chembamba kilikuwa kimejaza chini kote. Macho ya Kifungua yalionekana. Macho ya Kati yalionekana. Kitinda ilionekana pua yake tu, kama uyoga juu ya maji. Yeye ndiye aliyeogelea akamuuma baba mkia, na kwa kuuma akaishiwa nguvu.

"Tokeni!" akapiga kelele Tangulia.

Wakapanda. Wakateleza. Udongo mwekundu ulikuwa umelainika kama sabuni. Wakapanda tena, wakateleza tena. Chubwi! Na ubaya wa pili ni huu: mwili wa Tangulia ndio uliokuwa umeziba mlango. Alipotoka, maji ya bonde yakapata njia. Yakaanza kumiminika. Bwaa!

Tangulia akasimama. Ngiri mkubwa haingii shimoni kwa kichwa. Akiingia kwa kichwa, makalio yanabaki nje, na makalio hayana meno. Akageuka kumtazama fisi. Fisi alikuwa pale pale.

"Na anile miguu basi," akasema Tangulia. Akaingia kwa kichwa.

"Kifungua! Shika jino!" Kifungua akauma jino la baba yake. Tangulia akarudi kinyumenyume, kru, kru, kru, akamtoa, akamtupa majanini.

Akarudi. "Kati! Shika jino!" Kati akashika. Kru, kru, kru. Akamtoa.

"Pandeni mahali pa juu!" akawaambia. Akarudi mara ya tatu.

Kitinda alikuwa chini kabisa. Ilibidi Tangulia aingie mwili mzima, mabega na mbavu na miguu. Akatia uso katika maji. Akamwinua kwa kipaji cha uso, juu, mpaka pua yake ikagusa dari. Kitinda akakohoa. Akapumua. Ndipo Tangulia akajaribu kurudi nyuma, asiweze. Udongo ulikuwa umeporomoka ukambana mbavu. Akasukuma. Hakutoka. Akasukuma tena. Hakutoka. Maji yalikuwa shingoni.

Gizani, juu ya kichwa chake, sauti ndogo ikauliza: "Baba, tumefika?"

"Bado, mwanangu," akasema Tangulia. "Bado kidogo. Usiachie."

Na hapo kitu kikamshika mguu wa nyuma.

Mnadhani fisi? Yeye pia alidhani. Akafumba macho. Lakini aliyemshika hakumuuma. Akamsikia anasema, kwa sauti nzito ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake: "Mama Kifungua, huyu mumeo ana makalio makubwa. Sogea. Nitakata ubavuni."

Kwaru! Kwaru! Kwaru! Kwaru! Udongo ukaruka. Kucha kama majembe zikakata ukuta wa shimo kando, zikafungua mfereji kuelekea korongoni. Maji yakaona njia mpya. Yakatoka yote, kwa mshindo, bwaaa! Pamoja nayo akatoka Tangulia, na kichwani pake amekaa Kitinda, mwekundu mwili mzima kama chungu kisichochomwa.

Sikitu akamkumbatia mtoto. Akamlamba pua. Kisha akamtazama mumewe kutoka vinundu mpaka mkia.

Mambo yalikuwa hivi. Sikitu alifika kijitoni, akakuta maji yamekwisha kujaa. Akarudi mbio. Njiani, juu kwenye mteremko, akaona shimo jingine. Udongo wake mpya, mlango umeipa mvua kisogo, na mbele yake kumewekwa tuta la kuzuia maji. Akasema: huyu aliyechimba hapa anaijua mvua. Akafanya jambo ambalo ngiri hakuwahi kulifanya. Akapiga hodi. "Hodi, mwenye shimo! Wanangu wako katika shimo la chini, nami naliogopa. Wewe unalijua?" Na mwenye shimo aliposikia "shimo la chini" hakuuliza swali la pili. Alitoka mbio.

Sasa alikuwa amesimama mvuani, anapangusa kucha.

"Asante sana, ewe…" akasema Tangulia, akakwama. "Ewe nguruwe mwenye masikio marefu."

"Mimi si nguruwe."

"Niwie radhi. Hata mimi si nguruwe, na kila siku naitwa nguruwe."

"Basi wajua inavyouma. Mimi ni muhanga. Jina langu ni Mtulivu bin Makucha. Shimo ulilozaliwa ndani yake, nadhani alilichimba marehemu baba yangu. Na hili la leo nililichimba mimi, kiangazi, kwa ajili ya kula mchwa. Nililiteremsha chini kufuata mchwa. Si la kulala, na hasa si la kulala masika. Ungeniuliza ningekwambia."

"Sikujua wa kumwuliza."

"Mkeo alijua vipi?"

Tangulia akatafuta neno la kujitetea. "Lakini nilikuwa nawalinda na fisi. Yule pale. Tangu mvua ianze hajaondoka."

Wote wakatazama. Mvua ilikuwa inapungua. Kivuli kilikuwa pale pale, cheusi, mgongo umeinuka mbele, umeshuka nyuma, manyoya yamesimama. Na juu ya mgongo wa fisi walikuwa wamekaa Kifungua na Kati, juu ya maji, wanapunga mikia.

Kilikuwa kichuguu. Kile kile alichokionyesha Sikitu. Manyoya yalikuwa vichaka.

Muhanga alicheka mpaka masikio yakamwangukia machoni. Sikitu naye akacheka, na machozi yanamtoka. Tangulia alisimama akingoja wamalize.

Wakakaa kambini kwa Muhanga siku tatu, kwa maana kijito kilikataa kupitika. Mvua asubuhi, mvua alasiri. Watoto walifurahi kupita kiasi. Waliteleza kwenye mteremko, waa, chubwi. Walipanda tena, wakateleza tena. Muhanga aliwafundisha kuchimba, wakachimba mpaka wakaziba mlango wake, akawafukuza, kisha akawaita tena. Jioni walilala wamepangana kama ndizi. Kila mmoja alinuka tope, na hakuna aliyejali.

Tangulia alijali. Alikaa mlangoni, akatazama mawingu, akahesabu. Siku moja. Siku ya pili. Siku ya tatu.

"Mwezi umekufa," akasema.

"Najua," akasema Sikitu.

"Ni kosa langu."

"Mvua si kosa lako, Baba Kifungua. Kijito kingejaa hata kama tungekaa kichuguuni. Kosa lako ni lile jingine. Na lile ulikwisha kulilipa ulipoingia kwa kichwa."

Siku ya tano ya safari maji yakapungua, wakavuka. Tangulia alipiga magoti mbele ya Muhanga, akamuaga kwa jina lake lote. Kisha wakashika njia, na safari hii mwendo ulikuwa wa polepole. Mkia!

Juu!

Tapu, tapu. Halafu Tangulia anasimama. Anageuka. Anahesabu: mmoja, wawili, watatu. Anaendelea. Tapu, tapu. Anasimama. Anageuka.

"Baba, hatujapotea," akasema Kati.

"Najua. Nahesabu tu."

Wakafika Kilima cha Magadi. Bibi Chausiku alikuwa amekaa mlangoni pake, uso umeelekea njia. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa.

"Shikamoo, Mama," akasema Tangulia, akapiga magoti.

"Marahaba, mwanangu. Mmechelewa."

"Tumechelewa, Mama. Mwezi umekufa, na macho yako yamefungwa na ukungu. Nimewaletea wanangu giza. Sasa watakaa bila majina."

"Nani kasema hivyo? Wewe? Tangu lini wewe ndiye bibi?" Akanyoosha shingo, akanusa. "Waje hapa. Yuko wapi mume wangu, yule mkubwa?"

Kifungua akasogea kwa aibu. Bibi akampapasa pua, akampapasa vinundu. "Mume wangu, umeniletea nini?"

"Ndago, Bibi. Lakini zimechukuliwa na maji."

"Zote?"

Kifungua akafikiri. "Nyingine nilizionja."

"Mume mlafi. Basi nipe habari badala ya ndago. Mmetoka vipi, mmelala wapi, kwa nini mnanuka tope la bondeni? Semeni wote, lakini mmoja mmoja."

Wakasema, na hawakusema mmoja mmoja. Walisema kwa pamoja, wakakatizana, wakagombana juu ya maji yalifika wapi. Bibi Chausiku akainamisha kichwa, akasikiliza. Kila mmoja alipoongea, masikio yake yaligeukia kwake. Walipofika kwenye fisi aliyekuwa kichuguu, alicheka mpaka akashika mbavu. Walipofika kwenye pua iliyokuwa kama uyoga juu ya maji, hakucheka. Akamtafuta Kitinda kwa pua yake, akamvuta karibu, akamkalisha hapo.

Walipokwisha, akainua kichwa.

"Nimekuwa nikitoa majina kwa macho miaka yote," akasema. "Macho yanaona mbele tu. Masikio yanasikia hata aliye nyuma. Ningaliyatumia zamani, pengine wewe mwanangu ningalikuita jina jingine. Haya. Mume wangu mkubwa, aliyeambiwa vuta tumbo akavuta: wewe ni Stahimili. Na wewe wa katikati, uliyepiga kelele kwa ajili ya mwenzako badala ya kujililia mwenyewe: wewe ni Semeni."

"Na mimi?" akauliza Kitinda.

"Wewe ulimuuma baba yako."

"Kidogo tu, Bibi."

"Ungemuuma zaidi. Wewe jina lako ni Geuka. Nalitoa kwa makusudi, na baba yako asikie. Kila siku atakuita mara kumi, kula, kulala, njoo huku, acha hicho. Kila atakapokuita, atakuwa anajikumbusha mwenyewe."

Tangulia akapiga magoti tena. Akamtazama binti yake, akalijaribu jina. "Geuka," akasema polepole.

"Abee, Baba."

"Geuka, tumefika."

Watoto, na ninyi wakubwa mliokaa na watoto, maana ya hadithi hii ni moja, nami nitaisema wazi. Unapomlinda mtoto, usiutazame mlango peke yake ukadhani umemaliza kazi. Mtoto akikuita kutoka nyuma, geuka. Adui uliyemkazia macho anaweza kuwa kichuguu, na maji yakawa yanaingia chini ya tumbo lako.

Hata leo mkipita mbugani mtamwona. Ngiri akishtuka atakimbia na mkia umesimama, tapu, tapu, tapu. Mtadhani amekwenda moja kwa moja. Kisha, kabla hajapotelea majanini, atasimama ghafla. Atageuka. Atawahesabu wanawe: mmoja, wawili, watatu. Ndipo aende.

Hadithi yangu imefika kwa Bibi, nayo imekaa hapo. Sasa nigeuke kidogo. Ninyi wa nyuma, mmesikia? Mkia!

Juu!